Viluwiluwi Bubu vya Mto Lukwale

Mapipa mapya yalipofika karakana ya mtoni, Pulkeria Banzi hakuyafungua. Aliyazunguka kama mtu anayekagua mbuzi wa mahari, akaligonga moja kwa kifundo cha kidole, kisha akamuuliza mkuu wake wa kazi mbona vifuniko havina ile alama nyekundu.

Mhandisi Mihayo Kapela alikuwa akijifuta jasho. Alijibu kwamba alama haipo kwa sababu viluwiluwi vya safari hii havina rangi. Vinasafisha tu.

"Vinasafisha na kunyamaza," alisema Pulkeria.

"Vinasafisha tu."

"Ndiyo hivyo hivyo nilivyosema, ila mimi nimemalizia sentensi."

Kiluwiluwi kimoja cha mtoni ni kimashine kisichoonekana kwa macho. Ukivishika kiganjani maelfu kwa maelfu utadhani umeshika unga wa ulezi. Nusu ya mwili wake ni chuma, ili sumaku iweze kukivua. Nusu nyingine imepakwa utando unaotoa povu ukigusana na sumu, na lile povu likitoka nyuma, chenyewe kinasukumwa mbele. Hakina betri wala dereva. Uchafu ndio chakula chake na ndio mafuta yake. Maji yakizidi sumu kinakimbia, maji yakiwa safi kinasinzia. Na kwa kuwa hukimbilia kule ambako chakula kimezidi, hupanda mto kwa kufuata kingo, penye maji ya polepole, hadi kifike kinapotoka hicho chakula.

Hivi vya Lukwale vilitengenezwa kula risasi, ile metali ya kwenye betri chakavu ambayo ikiingia katika damu ya mtoto humla akili taratibu, bila homa wala kikohozi cha kumshtua mama yake. Kiluwiluwi kikishiba risasi huwa chekundu kama juisi ya rosela. Hapo Pulkeria hushusha sumaku, akavivua vilivyoshiba, akavikamua kwenye chombo cha asidi, akavirudisha mtoni vikiwa na njaa mpya.

Kwa hiyo watu wa Lukwale walikuwa na mto unaoweza kuona haya. Wanawake walichungulia darajani kabla ya kushuka. Wakikuta maji yameiva uso, walirudi na ndoo tupu na matusi kamili. Hakuna aliyehitaji kusomewa vipimo.

Tatizo ni kwamba mto ulikuwa umeanza kuona haya mara nyingi mno. Nchi nzima ilipohamia pikipiki na mabasi ya umeme, betri zilizochoka zilikuja kufia Lukwale, kwenye kiwanda kilichojengwa juu ya mji, na nusu ya vyungu vya mji viliinjikwa kwa mshahara wa kiwanda hicho. Kiwanda kilisema hakina bomba lolote linaloingia mtoni. Mto ukasema vingine. Basi amri ikashuka kutoka huko amri zinakotungiwa: mapipa ya viluwiluwi vya rangi yafungiwe stoo, yayeyushwe mwisho wa mwezi, na mtoni vimwagwe hivi vipya. Mapipa mapya yalilipiwa na kiwanda, kama zawadi kwa wananchi.

Mihayo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Pulkeria. Mtu mbaya unamchukia ukaendelea na shughuli zako. Mihayo alikaa juu ya pipa, akaeleza kwa utulivu. Alisema rangi inatia watu hofu, na hofu inafunga viwanda, na kiwanda kikifungwa betri hazitatoweka, zitavunjwa uani kwa nyundo, na watoto ndio watakaozivunja. Hivi vipya vinakula risasi ile ile. Maji yatakuwa safi yale yale.

"Mtu akinywa maji safi, akalala akaamka salama," alisema, "umempunguzia nini kwa kutomwambia kilichotolewa?"

"Nafasi ya kukataa."

"Nyie watu wa milimani mnapenda kukataa. Shamba lenyewe mnalima mmejifunga kamba msiporomoke, na bado mnakataa kuhamia tambarare."

"Na nyie mmezoea kubeba mizigo ya watu bila kuuliza ndani mna nini."

Pulkeria alikuwa Mluguru, Mihayo Mnyamwezi, na Mluguru na Mnyamwezi ni watani tangu misafara ya wapagazi ilipopita chini ya milima ile. Mtani hutukanwa, hunyang'anywa kofia, huitwa mtumwa, na hakasiriki. Kwa hiyo walicheka wote wawili. Lakini Pulkeria akauliza swali lililokuwa likimkereketa. Kiluwiluwi bubu kikishiba, atajuaje? Atashusha sumaku, itapanda na vumbi la kijivu, lililoshiba na lenye njaa yamefanana. Vikishiba vyote, risasi itapita katikati yao kama mgeni anayepita kwenye sherehe ambayo kila mtu amekwisha kula.

Mihayo alisema vitabadilishwa kila mwezi. Hesabu inaonyesha haviwezi kushiba kabla ya hapo.

"Hesabu ya nani?"

Mihayo alijifuta jasho tena. "Ya kiwanda."

Pulkeria alivua glavu zake, akaziweka juu ya pipa, karibu na goti la mkuu wake, akamwambia kwamba kumwaga hamwagi. Mihayo akayamwaga mwenyewe, pipa baada ya pipa, akaharibu viatu vyake. Kisha akafunga stoo ya viluwiluwi vya rangi na kuuning'iniza ufunguo shingoni, ndani ya shati. Hakumfukuza kazi Pulkeria. Hakukuwa na mwingine Lukwale aliyejua kukamua.

Ila hakupekua meza ya Pulkeria. Chini ya kitambaa cha kufutia vyombo ilibaki chupa moja ya kielelezo, iliyokuwa ya achari zamani, ina viluwiluwi vya rangi, vimesinzia.

*

Nyuma ya karakana palikuwa na nyumba ya Mihayo, na kwenye baraza ya nyumba hiyo alikuwa akikaa mama yake, Bibi Kalunde, aliyeletwa kutoka Unyamwezi ili auguzwe miguu. Miguu haikupona, lakini mdomo ulinawiri. Kila Pulkeria alipopita na ndoo, bibi alimwita mtumwa wake, akamuuliza bei yake imepanda au imeshuka. Pulkeria alimjibu kwamba hata akiuzwa bibi na baraza yake yote haipatikani pesa ya kununulia michembe, vile viazi vikavu ambavyo bibi alikuwa akivitafuna kutwa nzima. Kwa namna hiyo wakapendana.

Bibi hakunywa maji ya chupa. Alisema yana ladha ya ofisi. Alikunywa ya bomba la mji, yatokayo mtoni, na siku za rangi alikuwa akimtuma mtu darajani kutazama mto umeamkaje. Viluwiluwi bubu vilipoanza kazi, aliuliza mbona mto umenuna. Pulkeria akamweleza. Bibi alitafuna kwa muda mrefu.

"Watu wanatucheka kwamba tulibeba bila kuuliza," alisema. "Uongo. Babu zangu walibeba pembe na shaba hadi pwani. Mpagazi asiyejua kilichomo atajuaje aweke begani au kichwani? Tulikuwa tunauliza kwanza. Mihayo hilo sikumfundisha, nilidhani shule watamfundisha."

Halafu akacheka, akaongeza kwamba akifa, mtumwa wake huyu ndiye atakayemzuilia kaburi. Asimwonee mwanawe huruma, amkamue vizuri, maana ni bahili.

Haukupita muda akafa. Alikunywa chai ya alasiri, akaegemea ukuta, akasinzia, na usingizi ule ukaendelea. Aliacha neno kwamba azikwe hapo hapo Lukwale. Ukoo wake umebeba vya kutosha, yeye asibebwe.

Sasa, Mnyamwezi akifiwa kwenye mji wa Waluguru, watani ndio wenye kazi. Watachota maji, watapika, watamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, watalia kwa uongo hadi wafiwa wacheke kwa kweli. Na jeneza likifika, mtani mmoja ataingia kaburini na kulala, atakataa kutoka mpaka akombolewe. Hawezi kuvutwa, hawezi kutukanwa. Atapewa noti, au kuku, au ahadi ya mbuzi, atatoka, maiti atazikwa, na siku moja deni litarudi upande wa pili. Hakuna anayekumbuka tangu lini, na hakuna aliyewahi kulikiuka.

Mkuu wa watani wa Lukwale alikuwa Mama Koleta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele ya shule, ambaye wanawe wawili walifanya kazi kiwandani. Pulkeria alimkuta anachagua mchele. Akamwambia anachokusudia kukitaka akiwa kaburini, na kwamba atakidai kwa chupa ya achari mkononi.

Mama Koleta hakuinua macho kwenye ungo. Alisema watu huingia msibani wakiwa na visirani vyao, na utani ndiyo ngao inayowakinga wasirukiane. "Ukificha kisu nyuma ya ngao, mwanangu, siku nyingine nani ataiamini ngao?"

"Nimeficha maji tu, mama."

"Hata maji."

Pulkeria alisema kwamba sumaku imekuwa ikipanda na vumbi la kijivu kila siku, na kila siku analiangalia vumbi hilo asijue limeshiba au lina njaa. Alisema watoto wa shule wanakunywa maji hayo, na wajukuu wa Mama Koleta wakiwemo. Labda ni safi. Labda hofu yake ndiyo chafu. Lakini mwisho wa mwezi mapipa ya rangi yatayeyushwa, na baada ya hapo hata akiwa na wasiwasi hatakuwa na wa kumuuliza.

"Na yakibaki meupe?" Mama Koleta aliuliza. "Utakuwa umemdhalilisha maiti bure, na mfiwa bure. Hakuna Mnyamwezi atakayekuchekea tena, wala Mluguru atakayekuzika kwa furaha."

"Najua."

"Na yakiwa mekundu, wanangu wawili watakula nini?"

Mama Koleta aliupepeta mchele, pumba zikaruka, kiini kikabaki, na mazungumzo yakaishia hapo.

*

Jua lilikuwa kali na udongo wa kaburini ulikuwa wa baridi. Pulkeria aliruka ndani wakati jeneza bado liko mabegani, akajinyoosha chali, akakunja mikono kifuani kama maiti wa kistaarabu. Juu yake aliona mstatili wa anga na pembezoni vichwa vya watu wakianza kutabasamu. Katekista aliyekuwa akisoma sala alitia kidole katikati ya kitabu akakifunga. Hata yeye alijua foleni ya mambo.

Mwanzo ulikwenda ulivyozoeleka. Pulkeria alilalamika kwamba kaburi limechimbwa refu kwa makusudi, Wanyamwezi wanataka kumfukia bibi na michembe yake. Alisema bibi anadaiwa baraza, anadaiwa matusi ya miezi, na hatoki mtu hapa. Wafiwa walicheka huku machozi yakiwatiririka, kama inavyotakiwa. Mihayo alisogea ukingoni, macho mekundu, akatoa noti. Pulkeria akageuza uso ukutani. Akaongeza nyingine. Akaahidi kuku, halafu mbuzi. Watu wakashangilia mbuzi.

"Sitaki mbuzi," alisema Pulkeria. "Nataka ufunguo ulio shingoni mwako."

Kicheko kilitawanyika, kikafa kwa awamu, kwanza mbele na kisha nyuma. Mkuu wa Wilaya, aliyekuwa amekaa chini ya turubai pamoja na wageni wa kiwanda, aliacha kujipepea.

"Huo si utani," alisema Mihayo kwa sauti ya chini.

"Mtani hakasirikiwi."

"Sijakasirika, Pulkeria. Nimefiwa."

Neno hilo lilimwingia kuliko ubaridi wa udongo. Kwa muda alitamani aseme basi, lete mbuzi wako, tumzike mama. Alimpenda yule bibi. Alimjua na huyu mwanawe, aliyemletea uji mama yake kila asubuhi kabla ya kwenda kazini na kumpoozea kwa kijiko. Kumnyima mtu kaburi la mama yake si jambo dogo, na yeyote atakayesema ni dogo hajazika. Aliyaona hayo yote, akayakubali, na bado hakuinuka.

Aliomba ndoo. Si ya mtoni, alisema, isije ikasemwa amechagua pabaya. Aletewe ile ndoo nyeupe ya jikoni msibani, ya maji ya bomba, yaliyochotwa kwa ajili ya chai ya waombolezaji. Wanawake walitazamana. Mama Koleta ndiye aliyeileta, akaiweka ukingoni mwa kaburi. Pulkeria akakaa kitako, akafungua chupa ya achari, akaimimina yote.

Akawaambia watu wazi. Hivi ni viluwiluwi vyenu vya zamani, vyenye rangi. Mto una vile vipya, na mmeambiwa vinatosha. Maji haya yakibaki meupe, yeye ni mwongo na mtani mchafu. Wafukie jeneza juu yake kama wanataka, na asiitwe tena kwenye msiba wa mtu. Yakibadilika, hatoki mpaka apate ufunguo.

Kisha wakangoja.

Viluwiluwi havina haraka ya watu. Vikiwa vimelala muda mrefu huamka kwa uzito. Pulkeria aliona povu jembamba likipanda pembeni mwa ndoo, akajua vimeonja kitu, lakini povu peke yake si ushahidi. Hata sabuni hufanya hivyo. Maji yalikuwa meupe. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Jeneza lilianza kuwalemea wabebaji, wakabadilishana mabega. Katekista alifungua kitabu, akakifunga tena. Pulkeria alitazama maji meupe, akahisi kitu ambacho hakuwahi kukitarajia: alitamani yabaki hivyo hivyo. Afedheheke yeye, watoto wawe salama. Aliomba kwa dhati awe mwongo.

Uzi mmoja mwekundu ulisimama katikati ya ndoo. Ukapinda, ukagawanyika kuwa nyuzi mbili, nyuzi zikawa shungi, na shungi likalegea na kuenea, mpaka ndoo nzima ikawa rosela.

Kila mtu alikuwa akitazama kikombe cha chai alichokwisha kunywa. Wageni wa kiwanda, waliokuja na shada la maua kubwa kuliko mlango, walianza kulikagua shada lao. Halafu mwanamume mmoja akapaza sauti kwamba ndiyo hayo yaliyomuua bibi, na umati ukalidaka neno hilo, ukalirusha huku na huku, na watu wakaanza kuinuka wakigeukia turubai.

Pulkeria alisimama ndani ya kaburi, kichwa chake kikafika usawa wa miguu yao.

"Hapana," alisema, na alilisema kwa sauti ya kukemea mbwa. "Bibi Kalunde amekufa kwa uzee, na uzee huo aliuhangaikia mwenyewe. Msimnyang'anye kifo chake. Maji haya yana risasi, hilo linatosha. Ukweli hauhitaji kuazima maiti."

Mwanamume yule alikaa. Pulkeria alijua amejipokonya silaha kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na hakujuta. Alilala tena chali.

Mihayo alikuwa amepiga magoti kando ya ndoo. Alitia kidole, akakitoa, akakitazama kama si chake. Mkuu wa Wilaya alimjia nyuma, akainama, akamnong'oneza kwa muda. Maneno hayakusikika, lakini Mihayo aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza maagizo. Akainuka. Akasema, bila kumtazama yeyote, kwamba jambo hili litashughulikiwa kwa taratibu zake baada ya mazishi, na sasa anamwomba mtani atoke.

"Taratibu zake zina mwisho wa mwezi," Pulkeria alijibu akiwa chini. "Sitoki."

Ndipo Mama Koleta alipofunga kanga yake kiunoni. Aliketi ukingoni kwa taabu, akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili, akaporomoka na mvua ya udongo juu ya Pulkeria.

"Sogea," alisema.

"Mama, wanao?"

"Nimesema sogea. Wanangu wana mikono. Wajukuu wangu wana akili moja tu kila mmoja, na hiyo nataka waendelee nayo."

Wakalala wawili, wamebanana, na pumzi za yule mwanamke mnene zilikuwa kama mvukuto wa mhunzi. Juu yao mwanamke mwingine wa Kiluguru alikuwa akivua viatu.

Mihayo alilitazama jeneza, akawatazama wanawake. Kitu fulani kilimtoka usoni, ile hali ya mtu aliyeajiriwa. Alipotia mkono ndani ya shati, Mkuu wa Wilaya alimwita kwa cheo chake, mara moja. Hakugeuka.

"Mama alikuwa akisema mpagazi huuliza kwanza," alisema. "Mimi nilibeba tu."

Ufunguo ulianguka kifuani mwa Pulkeria, ukiwa na joto la mwili wa mtu.

"Umenifedhehesha mbele ya mama yangu," alisema Mihayo.

"Ndiyo kazi yangu."

"Na kesho sina kazi."

"Njoo milimani tulime. Nitakufundisha kujifunga kamba."

Alicheka. Kicheko kilimtoka vibaya, kimechanganyika na kwikwi, lakini kilikuwa kicheko, na watu wote waliokisikia walijua kwamba utani umeumia ila haujafa. Alimpa mkono Pulkeria, akamvuta juu; kumvuta Mama Koleta kulihitaji wanaume wanne na matani ya kutosha msiba mwingine. Bibi Kalunde akashushwa. Konzi ya kwanza ya udongo ilitupwa na mtumwa wake.

*

Asubuhi iliyofuata mapipa ya rangi yalifunguliwa darajani, hadharani. Mihayo alishika upande mmoja, Pulkeria upande mwingine. Viluwiluwi viliingia majini kama vumbi, vikapotea, na kwa muda mto ukabaki na rangi yake ya kawaida ya chai ya maziwa.

Halafu ukaanza kuona haya. Haya zenyewe hazikukaa mahali pamoja. Zilifuata ukingo, zikapita chini ya matete, zikapanda kinyume cha mkondo, na watu wakazifuata kwa miguu juu ya kingo, wanawake na ndoo zao, wanafunzi na sare zao, kila mmoja akinyoosha shingo kuona mstari ule mwekundu unakwenda wapi. Ulipita machinjioni bila kusimama. Ulipita kwa wafua nguo bila kusimama. Ulifika chini ya ukuta wa kiwanda, ukaingia kwenye kichaka cha mafunjo, na hapo ukasimama na kujikusanya, ukawa mzito kama uji.

Wanaume wawili waliyafyeka yale mafunjo. Nyuma yake palikuwa na mdomo wa bomba, mpana kiasi cha kuingiza kichwa cha ng'ombe, umefunikwa kwa wavu uliopakwa rangi ya kijani. Ulikuwa unatema.

Juu ya ukuta wafanyakazi walikuwa wamejipanga wakitazama chini, na miongoni mwao watoto wa Mama Koleta. Mama yao aliwatazama. Hakuwapungia, hakuwaita. Aliigeuza ndoo yake tupu juu chini, akaikalia mbele ya bomba, na wanawake wengine wakaona ni wazo zuri.

Gari la polisi lilifika. Ofisa aliyeshuka alikuwa kijana mpole, na pengine hakuwa amekula. Aliuliza nani mwenye mashine hizi. Pulkeria alisema ni yeye. Ofisa akasema amri imetoka juu: azizime mara moja, watu watawanyike, na uchunguzi ufanyike kwa utulivu.

"Hazina swichi, afande," alisema Pulkeria.

"Kila mashine ina swichi."

"Hizi zinakwenda kwa sumu. Hiyo ndiyo mafuta yake." Alinyoosha mkono kwenye bomba. "Zimeni hapo. Zenyewe zitalala."

Ofisa alilitazama bomba. Akawatazama wanawake juu ya ndoo zao, safu nzima, na mto mwekundu nyuma yao. Kisha akavua kofia, akajipangusa paji la uso, na kwa mara ya kwanza tangu afike akauliza ndani ya bomba mna nini.